Sijafika

Darasa letu liko Pasua, nyuma ya mashine ya kusaga.
Unga hupita chini ya mlango hata mashine ikishazimwa,
hukaa kwenye ubao, kwenye daftari, kwenye kope za Shamimu
anayetaka kazi ya mapokezi hotelini.
Chaki ikiisha, husema Mwalimu Apaikunda,
tutaandika kwa sembe.

Jumanne alituletea kitenzi chenye sura tatu:
gou, wenti, goni.
Nikauliza, huyu wa katikati ni mtoto wa nani?
Hafanani na kaka yake wala mdogo wake.
"Usimuulize ukoo, Ndekirwa. Mkariri."

Nikamkariri nikipanda njia ya Machame,
kilo ishirini kichwani, na safari ile mzigo wangu
ulikuwa choo cha wageni, cha plastiki, kifuniko cha buluu.
Ai kari: kila siku, ndiyo kazi yangu.
Ai am karing: sasa hivi, shingo inawaka.
Ai karidi: jana, na jana imeshatuliwa chini,
jasho lake limekauka.
Kumbe nao wana *hu-* yao na *-na-* yao.
Kama mlima ukiwa pale stendi:
huonekana asubuhi, na leo hauonekani,
na hakuna aliyesema uongo.

Kilichonishinda ni hevu.
Ai hevu karidi. Nina... nimebeba?
Nina nini, Mwalimu, na mzigo nimeshaukabidhi,
umepimwa, umetiwa sahihi, wageni wamepanda ndege?
Alifuta unga mezani kwa kiganja, taratibu.
"Umebeba," akasema. "Kwa hiyo unacho."
Nikajishika nyuma ya shingo.
Ninacho.

Halafu akanipa sentensi ya nyumbani:
*Sijafika kileleni.*
Niliileta ikiwa na alama nyekundu moja tu, mwishoni,
pale nilipoacha pengo. Hapo, akasema, weka yeti.
Sisi *bado* yetu imo ndani ya neno,
imeshonewa kwenye *-ja-* kama noti kwenye pindo la kanga;
ukisema *sijafika* umeshaahidi.
Wao huinunua kando, huibeba mkononi,
na ni rahisi kuisahau kama mwavuli.

Ijumaa nikaenda kwenye usaili wa waongozaji,
ghorofa ya pili, karibu na Mnara wa Saa,
nimevaa viatu vya Ombeni vinavyonibana vidole.
Watu watatu, jagi moja la maji, kalamu moja.
Yule mwenye kalamu akauliza, kwa Kiingereza laini,
kama nimewahi kufika juu kabisa.

Nimepanda mara mia moja na kumi na nne.
Mara mia moja na kumi na nne nimeishia Barafu,
nikishikilia kamba za mahema yasipeperuke
huku wao wakiondoka usiku wa manane,
taa kwenye vipaji vya nyuso, mstari mwembamba
unaopanda mpaka unachanganyika na nyota.
Asubuhi ningewapokea kwa juisi. Ningewauliza, kukoje?
Wengi walikuwa wanalia, hawakujibu.

Nikasema, "Nou. Ai hevu noti bini."
Kalamu ikaandika kitu kifupi.

Nilishuka ngazi. Nilivuka barabara.
Nilikuwa nimeshafika kwa fundi viatu, nimesimama mbele yake,
ndipo lile neno likaja, limechelewa, peke yake,
halina sentensi ya kukalia.

"Yeti," nikasema.
"Unasemaje?"
"Bado."
"Ndiyo, bado," akasema fundi, sindano mdomoni,
"limekwisha buti moja tu. Pita kesho."